Kopo la Baba Brayan

Gerson alikuwa fundi simu, na kazi ya fundi simu haimdai mtu mwili. Inamdai macho, pumzi ndogo na vidole visivyotetemeka. Kwa miaka yote aliyokaa kwenye kibanda chake pembeni ya soko la Babati, kitu kizito alichozoea kunyanyua kilikuwa kikombe cha chai. Mikono yake ilikuwa mirefu na myembamba, miguu yake ilifuata mfano wa mikono, na siku ya harusi yake mama mkwe wake, Mama Wilhelmina, alimtazama kutoka utosini hadi kwenye viatu, kisha akamnong'oneza dada yake kwa mnong'ono uliofika meza ya tatu: "Huyu, upepo wa mlima Kwaraa ukivuma vizuri, mwanangu atabaki mjane."

Gerson hakukasirika. Aliona mama yule ana haki ya kuhofia mali yake. Ila neno lile lilimkaa kama mwiba wa samaki, halimuumi wala halimtoki.

Ndipo mkewe, Rosemary, akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Brayan, na Mama Wilhelmina akashuka kutoka kwao Kibosho kuja kumlea mzazi. Alishuka kwenye basi na mikungu ya ndizi, dumu la maziwa mgando, na uso wa mtu aliyekuja kazini. Kwao mzazi halei mtoto peke yake; yeye mwenyewe analelewa. Asubuhi bakuli la mtori, ndizi na nyama vilivyopondwa vikalainika. Mchana uji wa pilipili manga unaochoma mpaka masikioni. Jioni anakandwa kwa maji ya moto, kiungo kwa kiungo, na hakuna kujitetea. Jiko la nyumba ile ya kupanga pale Maisaka likabadili serikali siku hiyo hiyo. Mume kazi yake ni moja tu, nayo ni kuleta mbuzi, mzazi anywe supu.

Kwa adabu ya ukwe, Mama Wilhelmina hakumsemesha Gerson moja kwa moja ila kwa salamu. Mambo yote yenye uzito aliyapitishia kwa mtoto. Jumapili baada ya misa, akiwa amempakata mjukuu sebuleni, aliinamisha kichwa akasema:

"Brayan, mjukuu wangu, hebu niulizie kwa baba yako. Mbuzi wa mzazi wa huku Babati huwa anakuja kwa miguu yake mwenyewe, au anafuatwa?"

Brayan alikuwa amelala. Gerson ndiye aliyeamka. Angeweza kusema, "Nitamtafuta, Mama," na mambo yakaishia hapo. Lakini mwiba ule wa harusi ulijigeuza kooni, akajisikia akisema, "Mbuzi yupo, Mama. Jumamosi hii nakwenda kumshindania kwenye kuvuta kamba."

Rosemary alijifunika uso kwa kanga. Mama Wilhelmina aliitazama mikono ya mkwewe, kwanza mmoja, halafu wa pili, kama mtu anayehakikisha hajasahau kuhesabu mwingine.

"Haya, Brayan," alisema. "Umesikia. Mimi sijasema kitu."

Gerson hakuwa amesema uongo. Jumamosi kulikuwa na bonanza kwenye uwanja wa shule, timu ya soko ingekabiliana na timu ya madereva wa bajaji, na zawadi ilikuwa mbuzi beberu. Halidi, mwenye duka la mchele na nahodha wa timu ya soko, alikuwa amewaambia wenzake kwamba kwa kuwa kwa fundi kuna mzazi, mbuzi akipatikana aende huko badala ya kuliwa na wanaume wanane kwa dakika kumi. Wote walikubali.

"Ila sharti ni moja, fundi," Halidi alisema. "Uvute mwenyewe. Mbuzi hapelekwi kwa mtazamaji."

"Nivute nikiwa wapi?"

Halidi alimpima kwa macho kwa muda. Alikuwa mtu mpole, hakutaka kuumiza. "Kaa mwisho kabisa, kwenye mkia. Huko ukianguka humwangukii mtu."

Basi Jumatatu jioni Gerson alifunga kibanda mapema, akaenda jimu ya Mudy. Jimu yenyewe ilikuwa banda la mabati nyuma ya mashine ya kusaga. Vyuma vyake vilikuwa saruji iliyomiminwa kwenye makopo ya rangi, mawili mawili yakaunganishwa kwa bomba. Mudy mwenyewe alikuwa mpana kiasi kwamba mlangoni aliingia kwa bega.

"Mambo, fundi?"

"Poa."

"Tuanze na nini? Kifua? Mgongo?"

"Mimi nataka mbuzi," Gerson akasema, akamweleza yote.

Mudy alisikiliza akitikisa kichwa. "Kamba ni miguu, mzee baba. Mikono inashika tu. Chuchumaa, inuka. Chuchumaa, inuka. Beba na hili kopo."

Mwanzoni Gerson aliona ni mchezo. Baadaye kidogo akaanza kuomba watakatifu kwa majina. Walipomaliza, miguu ilikuwa ikitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi, na Mudy akawa anatabasamu kama mwenye ng'ombe.

"Sasa sikiliza," Mudy alisema. "Ukifanya zoezi, misuli inachanika. Vipande vidogo vidogo, huvioni. Usiku inatafuta uzi wa kujishonea. Uzi ni protini. Usipoupata, kesho unajuta."

"Na huo uzi unapatikana wapi?"

Mudy akainama chini ya benchi, akatoa kopo kubwa jeusi, limechorwa mwanamume ambaye shingo yake ilikuwa imemezwa na mabega. Ndani mlikuwa na unga mweupe wenye harufu ya keki, na kijiko cha plastiki kimezama humo. Vijiko viwili kwenye maji, tikisa, kunywa, lala, amka mwamba. Mudy hakuwa tapeli. Aliyasema kwa moyo safi, na mwenyewe aliutumia. Hakutaja tu kwamba kila siku alikula pia sufuria la maharage na mayai yasiyo na idadi, labda kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Wakabadilishana: Gerson akachukua kopo, Mudy akawekewa kioo kipya kwenye simu yake.

Nyumbani Gerson alikunywa kikombe kimoja, tumbo likanguruma kidogo, akaridhika kwamba ushonaji umeanza. Kisha, kwa kuwa alilelewa kujua kwamba vyakula vinakaa jikoni, akaliweka kopo jikoni, kwenye rafu, karibu na sukari. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, na alilifanya kwa nia njema kabisa.

Jumanne aliamka mgumu kidogo. Jumatano hakuwa mtu.

Alijaribu kuinuka kitandani, mapaja yakakataa. Akajiviringisha, akaanguka sakafuni, na kutoka sakafuni akapanda ukuta taratibu kama mjusi. Shida kubwa ilimngoja chooni. Choo chao kilikuwa cha nje, cha kuchuchumaa, na Gerson alipoanza kushuka, katikati ya safari miguu ilikwama. Chini haendi, juu harudi. Alibaki hapo, amening'inia kati ya kutaka na kupata, jasho likimtoka, akisikia jogoo wa jirani anawika kana kwamba anamcheka. Alijiokoa kwa kushika komeo la mlango, likang'oka.

Fundi ni fundi. Kabla hajaenda kazini alitafuta kamba ya katani, akaifunga kwenye boriti ya paa la choo, akaiachia ining'inie. Ukiingia unaishika kwa mikono miwili, unajilaza nyuma, unashuka polepole, unafika pale katikati unapofika, na kamba inakushikilia mpaka mambo yaishe. Ulikuwa uvumbuzi mzuri. Aliutumia asubuhi, akautumia mchana alipokuja kula, na kwa sababu uji wa pilipili manga alioonjeshwa haukumpenda, akautumia tena mara kadhaa.

Saa tisa hivi Mama Wilhelmina alitoka chooni, akasimama uani na mikono kiunoni.

"Brayan!" alimwita mtoto aliyekuwa ndani, mgongoni mwa mama yake. "Nani kafunga ng'ombe chooni?"

Gerson alikuwa mlangoni akijaribu kupanda ngazi moja ya baraza. "Shikamoo, Mama," alisema, ili kuhamisha mazungumzo.

"Marahaba." Akamtazama anavyopanda: mguu mmoja, pumziko, mkono ukutani, mlio mdogo wa mlango mkavu, mguu wa pili. Akamtazama anavyotembea kwenda sebuleni, miguu imeachana, ameshika nyonga. Yeye alikuwa amelea wazazi wengi, mwendo ule aliujua.

"Brayan, mjukuu wangu, niambie ukweli. Humu ndani aliyejifungua ni nani?"

Gerson alijibwaga kwenye kochi. Alikuwa bado hajamaliza kutua aliposikia rafu ya jikoni inatikisika, kisha mfuniko ukifunguliwa. Mama Wilhelmina akatoka amelikumbatia kopo, akaenda kuketi karibu na Rosemary na mtoto, akaanza kusema kwa sauti ya kuumia.

"Ona, Brayan. Baba yako amekuletea maziwa ya kopo. Mama yako yuko hai, ana afya, maziwa yanalowesha kanga, wewe hata kuketi hujajua, unaletewa kopo! Na kijiko chake!" Akaligeuza kopo akaitazama picha. "Na huyu mtoto waliyemchora hapa, mwone mwenyewe. Kavimba mwili mzima. Hata fulana haijamtosha. Ndivyo baba yako anavyotaka uwe?"

Rosemary alikuwa anajua kopo ni la nani. Aling'ata pindo la kanga, mabega yakawa yanamcheza.

Hapo Gerson angesema neno moja tu, "Mama, ni yangu," na dhoruba ingepita. Neno lilifika hadi kwenye ulimi. Lakini angemwambiaje mama mkwe, yule wa upepo wa Kwaraa, kwamba mwanamume mzima, baba wa mtoto, anakunywa maziwa ya unga kwa kijiko cha plastiki ili akue? Kuna aibu ambazo mtu anaweza kuzimeza, na kuna nyingine ambazo hata zikisagwa hazipiti. Akanyamaza.

"Kanyamaza," Mama Wilhelmina akamwambia mjukuu. "Basi mimi nitamwonyesha kama mama yako ana maziwa au hana."

Kuanzia saa hiyo mtori uliongezwa mara mbili. Bakuli la Rosemary likabadilishwa, likaletwa lile la kuoshea mchele. Rosemary alikula, akala, mwisho akamvuta mumewe shati chumbani.

"Baba Brayan, nakuomba kwa jina la mtoto. Kula hii. Atakuja kukagua bakuli."

"Si chakula cha mzazi hicho?"

"Wewe ulivyotembea asubuhi ulikuwa unatembeaje? Kula. Nikiongeza kijiko kimoja nitajifungua tena."

Gerson alikula. Ulikuwa mtori mzuri, wa nyama ya mfupa, wenye mafuta yanayong'aa juu. Akala bakuli la jioni pia. Siku iliyofuata akala matatu. Chumba cha mzazi kikawa kinarudisha mabakuli meupe, Mama Wilhelmina akawa anayatazama kwenye mwanga na kusema, "Sasa tunaelewana."

Na kopo? Mama Wilhelmina hakuwa mtu wa kutupa chakula. Wanajumuiya wa kanisani walikuwa wanakuja kwa zamu kumpa mzazi hongera, na mgeni hawezi kuondoka bila chai. Jumatano ile ile alikuja Clara, mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene mwenye magoti mabovu, na wenzake sita. Gerson, akikata sebule kwa kushika ukuta, alikiona kijiko cha plastiki kikiingia kwenye sufuria la chai, kikatoka, kikaingia tena. Kila kijiko kilikuwa msuli wake mmoja.

"Mama Rosemary, chai hii!" Clara alisema. "Nzito, tamu. Maziwa ya wapi?"

"Ya kopo. Mkwe wangu aliyaleta kwa bahati mbaya. Nikasema yasiharibike."

"Niongezee basi."

"Baba Brayan, na wewe kikombe?" akauliza mwanamke mmoja.

"Hapana, Mama, asante," Gerson akasema. Kisha akameza mate.

Jioni yake maji ya moto yaliwekwa kwenye bafu la mabati uani, yanatoa mvuke kama mashine. Rosemary alikuwa na wazo. "Mama," alisema, "leo pumzisha mgongo. Anikande Baba Brayan. Si ni kazi yake pia?"

Mama Wilhelmina alifikiri. Mume anayemkanda mkewe ni sifa, hata akiwa mwembamba. Akamchukua mtoto, akavuta kigoda, akaketi nje ya bafu kusimamia.

Ndani, Rosemary alichovya kitambaa, akakikamua, akamgeukia mumewe. "Kunja suruali. Kaa hapo kwenye jiwe," alinong'ona.

"Kukaa siwezi."

"Basi simama hivyo hivyo."

Akakibandika kitambaa kwenye paja la kulia. Gerson alitoa sauti ambayo hakujua anayo. Wanaoishi karibu na ziwa wanaijua. Kiboko akitoka majini hutoa kama hiyo.

"Hapo hapo!" Mama Wilhelmina akapaza sauti kutoka nje. "Usimwonee huruma! Kandamiza!"

Rosemary akakandamiza. Kiboko akalia tena.

"Enhe! Na upande wa pili!"

Upande wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Walipotulia kidogo, wakasikia bibi akimwambia mjukuu taratibu, "Sauti ya mama yako leo imekuwa nzito, Brayan. Ni uchungu unatoka huo. Ukitoka wote hata sauti itarudi."

Alhamisi Gerson aliamka, akaketi kitandani, na kitanda kikashangaa. Miguu ilikunjika. Chooni alienda bila kamba, akarudi akaitumia tena kwa mazoea tu, maana kweli ilikuwa inafaa. Jioni alikwenda kwa Mudy akitembea kama watu.

"Umeona?" Mudy alimzunguka akimkagua. "Ulikuwa unakunywa?"

"Nilikuwa nakunywa," Gerson akasema. Mtori unanyweka, hakuona amedanganya.

"Na tumbo limejaa kidogo. Nguvu hiyo. Leo tunafanya mara mbili!"

Mtu mwenye busara angemkumbusha kwamba mshonaji hapewi nguo ya pili kabla hajamaliza ya kwanza. Lakini Gerson alikuwa anamwaza mbuzi, na Mudy alikuwa anamwaza Gerson akisimama na mbuzi kwenye picha. Wakafanya mara mbili.

Jumamosi alfajiri mambo yalikuwa yale yale ya Jumatano, na nyongeza. Alishuka kwa kamba, akapanda kwa kamba. Rosemary alimfunga viatu. Mama Wilhelmina, aliyekuwa akichochea kuni, hakuuliza kitu, alimkabidhi bakuli moja la mtori, mkono kwa mkono, kisha akakumbuka adabu akamwambia mtoto, "Mwambie asiende na njaa."

Uwanja ulikuwa umejaa. Upande wa bajaji, mbele kabisa alisimama nahodha wao, Damasi, kijana mwenye mikono kama michi ya kutwangia.

"Halidi!" akaita. "Huyo wa mkia ni mchezaji au ni kamba ya akiba?"

"Utamjua leo," Halidi akasema, ingawa moyoni naye alikuwa na swali hilo hilo.

Mwamuzi akasoma sheria: mstari huu, mstari ule, na mtu yeyote akikalisha makalio chini, timu yake imeshindwa. Gerson akazungushiwa mkia wa kamba kiunoni. Filimbi ikalia.

Bajaji walivuta mara moja, na soko zima likateleza. Halidi alikwenda mbele hatua tatu kama mtu anayeitwa na mkewe. Mvutano ulipomfikia Gerson, miguu yake ilifanya jambo moja ililokuwa ikilijua: ilianza kukunjika. Akashuka. Akashuka zaidi. Akafika pale katikati, pale alipopajua vizuri kuliko mahali pengine popote duniani, na miguu ikakwama. Chini haendi, juu harudi.

Na mikononi kulikuwa na kamba. Bila kuwaza, akaishika kwa mikono miwili, akajilaza nyuma, akatulia, kama alivyotulia wiki nzima.

Kamba ikasimama.

"Amekaa! Amekaa!" madereva wakapiga kelele. Mwamuzi akakimbia, akapiga magoti, akachungulia chini ya Gerson kwa makini kama mtu anayetafuta gari linapovuja mafuta. Palikuwa na nafasi ya kupita paka.

"Hajakaa!" mwamuzi akatangaza. "Endeleeni!"

"Mwacheni fundi!" mtu akapaza sauti kutoka kwenye umati. "Ana haja!"

Uwanja mzima ukacheka, na mbaya kwa bajaji ni kwamba wawili wao walicheka pia. Damasi akawatukana, wakavuta tena kwa nguvu zao zote. Wangeweza kumvuta mtu aliyesimama, maana aliyesimama anaweza kujaribu hatua mbele. Wangeweza kumchosha anayevuta. Huyu havuti, hasogei, hainuki. Ana mabakuli mengi ya mtori tumboni, na uso wake umetulia kama wa mtu aliye peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Mikono yao ikaanza kuteleza.

"Sasa!" Halidi akanguruma. "Fundi ametufungia kigingi! Hoi! Hoi!"

Soko likarudi nyuma hatua moja. Kwa kuwa Gerson hakuweza kutembea, kila hatua ya wenzake yeye aliruka kidogo, kinyumenyume, vile vile alivyochuchumaa, kama chura anayemkwepa kuku. Hoi, akaruka. Hoi, akaruka. Filimbi ilipolia, Damasi alikuwa amelala kifudifudi kwenye vumbi, na Gerson alikuwa amelala chali, magoti juu, katika umbo lile lile, kama mende aliyepinduka.

"Inuka, bingwa!" Halidi akasema akimkumbatia.

"Nikiweza nitakujulisha," Gerson akajibu.

Hakuweza. Walimbeba jinsi alivyo, wakamweka kwenye bajaji ya Damasi mwenyewe, mbuzi akaketishwa kando yake. Mbuzi alikaa vizuri zaidi.

Maisaka walimkuta Mama Wilhelmina barazani na mtoto, na Clara na wenzake wakiwa kwenye chai ya mwisho. Damasi alizima injini, akashuka, akamwamkia kwa heshima.

"Mama, mkweo huyu siyo mtu, ni gogo la mkuyu. Wanaume wanane tumeshindwa kumng'oa."

Mama Wilhelmina alimtazama mbuzi, akampapasa mgongo kuona mafuta. Akamtazama Gerson, amekunjika kwenye kiti cha nyuma, magoti yamefika kidevuni, anajaribu kutoa shikamoo.

Kabla hajajibu, Mudy aliingia uani mbio, simu mkononi. "Mwamba! Picha! Wewe, mbuzi na kopo! Kopo liko wapi?"

Rosemary aliangua kicheko hata akaegemea nguzo. Clara akanyanyua kikombe chake. "Lile kopo jeusi? Tumelimaliza, mwanangu. Ni la kwako? Hebu niambie duka. Tangu Jumatano magoti yangu hayasemi."

Mudy alitazama kikombe, akatazama akina mama saba wa jumuiya, akamtazama Gerson. "Sasa wewe ulikuwa unakunywa nini?"

Hapakuwa na mlango wa kutokea. "Mtori," Gerson akasema kwa sauti ndogo. "Kopo lilikuwa langu, Mama. Halikuwa la mtoto. Nilikuwa nakunywa mimi, ili niweze kukuletea mbuzi."

Kama ni unga uliotibu magoti ya Clara au ni kukaa na kucheka na wenzake, na kama ni mtori uliomshikilia Gerson au ni kukwama tu, hakuna aliyekuwa na hakika, na hakuna aliyeona haraka ya kujua.

Mama Wilhelmina alimkabidhi mtoto kwa Rosemary. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mjukuu wa kupitishia maneno.

"Baba Brayan," alisema.

"Naam, Mama."

"Mimi nimekanda wazazi miaka mingi. Rosemary akikandwa analia kama paka. Yule kiboko wa bafuni ulidhani nilimdhania nani?"

Gerson alitaka kujificha, lakini bajaji haina pa kujificha.

"Mbuzi nimemwona," akaendelea. "Nguvu nimeisikia kwa mshindwa, na mshindwa hasifii bure. Upepo wa Kwaraa nao ujipange." Akageuka kuelekea jikoni. "Rosemary, ongeza maji kwenye moto, na chumvi. Humu ndani wazazi ni wawili. Na ninyi vijana mteremsheni taratibu, msimnyooshe kwa nguvu, atavunjika."

Damasi na Mudy wakamshika, mmoja huku, mmoja kule, wakampeleka bafuni amekunjika kama kiti. Walipokuwa wanapita mbele ya choo, Gerson akanyoosha mkono kuishika kamba yake, aifungue, ushahidi upungue japo kidogo.

"Wee!" Mama Wilhelmina akapaza sauti kutoka jikoni. "Kamba hiyo iache hapo hapo. Hata mimi nimeshaizoea."